Jina la dada halikuwamo kwenye orodha ya michango

Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyokaa jirani: kuugua na kuuguza. Anayeugua ni mgonjwa. Anayeuguza ni yule aliyeacha shughuli zake akaenda kukaa naye, akamkogesha, akamnywesha uji, akampangia foleni alfajiri na usiku akalala sakafuni kando ya kitanda chake. Majirani wa dada yangu mjini Morogoro walipouliza mbona haonekani, walijibiwa neno moja, anauguza, na hakuna aliyehitaji maelezo zaidi.

Mimi wakati huo nilikuwa Reading, Uingereza, kwenye kazi ya kulea wazee. Mama yetu alikuwa amegundulika na saratani ya shingo ya kizazi, hatua ya tatu. Nililala na simu chini ya mto. Nilituma fedha kila mshahara ulipoingia. Nilizijua dawa zake kwa majina. Hata hivyo mtu akiniuliza kama nami nilikuwa nauguza, nasita kujibu, na makala hii imetokana na kusita huko.

Niseme mapema ninachoamini. Sisi tulioko ughaibuni tunaweza kuuguza, ila kwa sharti moja: tukubali kuwa wasaidizi wa yule aliye kando ya kitanda. Familia nyingi ninazozifahamu, yetu ikiwa ya kwanza, hufanya kinyume. Mwenye fedha ndiye mwenye neno, na mwenye neno yuko mbali, haoni, hanusi, wala hajui mgonjwa amekula nini tangu asubuhi.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, kwa sababu kikao cha familia kisichojua ratiba ya matibabu huishia kwenye ugomvi. Saratani ya shingo ya kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Uvimbe ukishavuka hatua ya kufanyiwa upasuaji, tiba ya kawaida ni mionzi ya nje, siku tano kwa wiki kwa wiki tano hivi, mara nyingi vikao 25, huku mgonjwa akitundikiwa dripu ya kemo, yaani dawa ya kuua chembe za saratani, mara moja kila wiki. Kisha hufuata mionzi ya ndani, ambayo chanzo chake huingizwa hadi karibu kabisa na uvimbe. Yote hayo yanatakiwa yaishe ndani ya wiki 8. Chembe za saratani zilizobaki hai huitumia kila siku ya mapumziko kuzaliana upya, kwa hiyo tiba ikirefuka, uwezekano wa kuudhibiti uvimbe unapungua. Tarehe kwenye kadi ya mgonjwa ni sehemu ya dawa.

Kabla ya kila dripu kuna kipimo cha damu. Wingi wa damu ukiwa chini, dripu inaahirishwa, au mgonjwa anaongezewa damu na ndugu wanaombwa wakachangie. Siku mama alipohitaji chupa mbili, dada aliandika kwenye grupu la familia: "Wanataka wachangiaji wawili." Kaka yetu aliyeko Houston akajibu haraka: "Shilingi ngapi?" Sikumlaumu, na hata leo simlaumu. Kwa miaka 11 kila ujumbe uliomfikia kutoka nyumbani ulikuwa na bei yake. Safari hii kilichotakiwa ni mkono wa mtu kwenye kiti cha kutolea damu Dar es Salaam, na sisi wawili hatukuwa nao. Aliyekwenda ni mume wa dada, akapanda basi kutoka Morogoro, pamoja na kijana wa jirani ambaye hata hatuna undugu naye.

Mionzi haipatikani Kilosa anakoishi mama. Vituo vya kuitoa nchini vinahesabika kwa vidole: Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996 kwenye hospitali ya zamani ya Wajerumani ufukweni Dar es Salaam, Bugando kule Mwanza, na vingine vichache. Mgonjwa wa Kilosa au Songea analazimika kuhamia mjini miezi miwili na zaidi, na hahami peke yake. Wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani ulikadiria kwamba mwaka 2020 pekee Tanzania ilikuwa na wagonjwa wapya zaidi ya 40,000 na vifo karibu 27,000. Ninaposoma takwimu hizo sasa, akili yangu inakwenda kwa watu ambao hawakuhesabiwa humo: waliofunga genge, walioacha shamba likaota magugu, waliomwachia jirani watoto.

Dada ni fundi cherehani. Alifunga fremu yake siku 63. Kodi ya fremu haikusimama, bali iliendelea kudaiwa kila mwezi. Ulikuwa msimu wa harusi, na wateja waliokuwa na vitenge vyao mezani kwake walikuja kuvichukua mmoja mmoja wakapeleka kwingine. Baadhi hawajarudi hadi leo. Binti aliyekuwa akimfundisha kazi akapata sehemu nyingine. Dar es Salaam alilala na mama kwenye chumba cha kupanga huko Tabata, na kila asubuhi alimtoa kwa bajaji, kwa sababu mwanamke aliyepigwa mionzi ya nyonga hawezi kusimama kwenye daladala.

Wakati huohuo, kwenye grupu la familia, baba mdogo alikuwa akibandika orodha ya michango kila Jumapili. Kaka, 900,000. Mimi, 700,000. Binamu wa Muscat, 250,000. Baba mdogo mwenyewe, 100,000. Jina la dada halikuwamo. Hakuna aliyemfuta, ni kwamba hakuna aliyewahi kufikiria kumwandika. Jumapili moja baba mdogo, mtu mwema sana, akaongeza chini ya orodha: "Na wengine mjitokeze." Dada aliusoma ujumbe huo Jumatatu asubuhi akiwa kwenye benchi la kusubiri mionzi. Aliniambia miezi mingi baadaye, na alinieleza kama anayesimulia habari ya mtu mwingine.

Nimeifikiria sana orodha ile. Fedha huacha alama: kuna ujumbe wa simu, kuna tarehe, kuna jumla. Siku ya kuuguza haina risiti. Tena muuguzaji wetu karibu kila mara ni mwanamke, na mara nyingi ni yule ambaye ukoo unamhesabu kuwa "hana kazi", maana yake hana kazi ya mshahara. Fikirini hesabu hii. Mimi Reading ninalipwa kwa saa kuwageuza kitandani mama za watu wengine, na hiyo ni kazi kamili yenye mkataba na sare. Dada anafanya kazi ileile kwa mama yetu mchana na usiku, na kwenye daftari la familia hana mchango. Sijui nani alitufundisha kuhesabu hivyo, lakini tumejifunza vizuri.

Wiki ya tatu ya mionzi mama alianza kuharisha, akikojoa anaungua, na akawa amechoka kiasi cha kushindwa kuinua kikombe. Hayo yote yanajulikana. Madhara ya mionzi ya nyonga huanza kujikusanya katika kipindi hicho na kuzidi kabla ya kupungua. Daktari alikuwa amemweleza dada. Sisi wa mbali tulichokiona ni video ya sekunde 20 ya mama akiwa amekonda. Kaka akaandika: "Mtoeni hapo. Apelekwe India, gharama juu yangu."

Kumwelewa kaka ni kuelewa nusu ya tatizo hili. Alikwenda Marekani akapitiliza muda wa viza, na kwa sheria za kule, mtu aliyekaa bila makaratasi kwa mwaka mmoja au zaidi akitoka nje ya nchi anaweza kufungiwa kurudi kwa miaka 10. Ana watoto wawili huko. Hakuweza kuja kumwona mama, wala asingeweza kuja kumzika. Fedha ndiyo ilikuwa safari yake, ndiyo ilikuwa kumshika mama mkono. Kadiri alivyoshindwa kuja ndivyo alivyotaka kufanya jambo kubwa. Nimelikuta hilo katika nyumba nyingi za Waswahili walioko nje: ukubwa wa pendekezo hulingana na ukubwa wa majuto, na mgonjwa ndiye anayeubeba mzigo wake.

Kwenda India si kosa. Serikali yenyewe kwa miaka mingi imepeleka wagonjwa huko, na kuna magonjwa ambayo rufaa hiyo ndiyo jibu sahihi. Ila kumtoa mgonjwa katikati ya mionzi, akaanza kutafutiwa pasipoti na viza ya matibabu, ni kuzichoma zile wiki 8 nilizozieleza. Dada alikataa. Kwenye grupu akaambiwa anang'ang'ania, anaona mambo kwa udogo, kwani fedha ni zake? Na mimi, niliyekuwa nimeusoma utaratibu wa tiba ile neno kwa neno na ninayejua kwamba dada alikuwa sahihi, nilikaa kimya siku mbili. Niliogopa kumuudhi kaka. Alikuwa mchangiaji mkubwa.

Tulitafuta pia njia za mkato. Wanaokumbuka mwaka 2011, magari yalivyopangana kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba cha shilingi 500, wanajua kiu ya tiba inavyoweza kulibeba taifa zima. Siku hizi kikombe kinakuja kwa WhatsApp, na naona aibu kusema kwamba wengi wanaokituma wako nje: video za majani ya mstafeli, unga wa kijani, mafuta ya kunusa. Mimi nilituma makopo mawili ya virutubisho yaliyonigharimu mshahara wa siku nne. Daktari akasema mama asiyatumie wakati wa dripu kwa kuwa hakujua kilichomo. Dada akayaweka juu ya kabati, na kwangu akasema tu, "Yamefika, asante."

Hiyo "yamefika, asante" inanipeleka kwenye jambo ambalo naliona kuwa zito kuliko fedha. Nyumbani wanatuficha, nasi tunawaficha. Mama alianza kutokwa damu mwaka mzima kabla sijaambiwa. Nilielezwa ni "matatizo ya kinamama", kama ambavyo baba wa rafiki yangu alivyosemwa ana vidonda vya tumbo hadi siku alipolazwa. "Usimwambie, yuko peke yake kule, atachanganyikiwa." Wakati wa kupiga simu ya video mama alifungwa kilemba, akapakwa mafuta usoni, akaegemezwa mto, na kamera ikamwonyesha kuanzia mabega kwenda juu. Nami kwa upande wangu sikuwahi kumwambia dada kwamba zile 700,000 nilizikopa, wala kwamba kaka alikuwa akibeba boksi zamu mbili huku akiwa amehama kwenye nyumba aliyokuwa akipanga. Dada aliamini tuna fedha lakini tunabana. Sisi tuliamini mama anaendelea vizuri lakini dada anatia chumvi. Kila upande ulifanya maamuzi kwa kutazama picha iliyopakwa mafuta.

Kusafiri nako kunataka watu wajue haki zao, na hapa nimeona watu wakiumia kwa kutokujua. Tangu Aprili 2024 mwajiriwa nchini Uingereza ana haki ya wiki moja kwa mwaka, bila malipo, ya kumhudumia mtegemezi wake mwenye ugonjwa wa muda mrefu au kumpangia huduma. Neno "kumpangia" lina thamani kwetu, maana kupanga ndiyo kazi kubwa ya aliye mbali. Anayesubiri makazi ya kudumu Uingereza kwa njia ya viza ya kazi achunge asizidishe siku 180 nje ya nchi ndani ya miezi 12 yoyote. Marekani kuna sheria ya mwaka 1993 inayotoa hadi wiki 12 bila malipo, huku kazi ikilindwa, kwa aliyefanya kazi miezi 12 na saa 1,250 kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi katika eneo lake. Inamtaja mzazi; shangazi na mama mkubwa haiwataji. Lakini kama mama mkubwa ndiye aliyekulea ulipokuwa mdogo kwa nafasi ya mzazi, sheria hiyo inamhesabu kuwa mzazi wako. Na mgonjwa akiwa anaishi nchi nyingine, mwajiri anatakiwa kuupokea uthibitisho wa daktari wa nchi hiyo. Nawajua wawili walioacha kazi wenyewe kwa kudhani cheti cha hospitali ya Tanzania ni karatasi tupu.

Binamu yetu wa Muscat hana hata hiyo karatasi ya kubishania. Ni mfanyakazi wa ndani na pasipoti yake iko mikononi mwa tajiri. Alichoweza kumpa mama, mbali na fedha, ni sauti alizozirekodi usiku wa manane, akimsomea dua kwa kunong'ona ili wenye nyumba wasiamke. Mama alizisikiliza kila asubuhi kabla ya kutoka kwenda kwenye mionzi. Nikipima mchango uliomtia nguvu mama kuliko yote iliyotoka nje ya nchi, nadhani ni ule.

Swali linalozigawa familia nyingi ni la tiketi moja. Ukiwa na nauli ya safari moja tu, unakwenda lini? Mila zetu zinatusukuma kuihifadhi kwa ajili ya msiba, kwani asiyezika mzazi wake atasemwa mpaka kaburi lake mwenyewe. Ndiyo maana michango ya msiba hukamilika kwa siku mbili na ile ya matibabu inasuasua miezi. Mimi nimefika mahali pa kusema wazi: nenda akiwa hai, na usiende siku ya kwanza wala ya mwisho. Nenda wiki ya tatu au ya nne ya mionzi, wakati mgonjwa anaharisha na muuguzaji wake hajalala. Watakaokusema kwa kutozika watasema. Mama atakuwa alikuona.

Na kuna familia ambazo safari ya tiba imefika ukingoni, ambazo nazo zina ugomvi wake. Jirani yangu hapa, mtu wa Bukoba, alimpoteza baba yake kwa saratani ya umio, ugonjwa unaowapata watu wengi Afrika Mashariki. Mzee alikuwa hamezi tena. Daktari akapendekeza tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mateso pasipo kutarajia kumponya, na mofini ya maji, dawa ya maumivu makali. Watoto walioko nje wakapinga: wanamlewesha, wamemkatia tamaa. Mzee akakaa na maumivu siku tisa huku wanawe wakibishana kwa simu. Ng'ambo ya mpaka wao, Uganda, shirika la Hospice Africa lilianza mwaka 1993 na mofini ya kunywa ikawa jambo la kawaida. Tangu 2004 wauguzi wenye mafunzo maalum wameruhusiwa kisheria kuiandika. Mofini inayotolewa kwa kipimo sahihi humwachia mgonjwa nafasi ya kuzungumza na watu wake. Siku tisa ni nyingi mno.

Mwaka ule mama alipokuwa kwenye matibabu, ililetwa barua nyumbani kwangu Reading. Ilikuwa inaniita kupima shingo ya kizazi, kama wanavyoitwa wanawake wote wa miaka 25 hadi 64 hapa England. Niliishika mlangoni nikashindwa kuingia ndani. Mimi, mwenye afya, naandikiwa barua kwa jina langu nikumbushwe kupima. Mama aliyezaa watoto watano hakuwahi kuitwa hata mara moja, na mimi niliyekuwa napata barua hizo kwa miaka sikuwahi kumuuliza. Kipimo cha kupaka siki kwenye shingo ya kizazi kinafanyika hata kwenye vituo vya kawaida vya afya, na majibu yanatoka palepale. Chanjo dhidi ya virusi vya HPV, vinavyosababisha saratani hii, inatolewa nchi nzima tangu 2018. Nilikuwa nimetuma fedha za bati, za ada, za harusi tatu. Nauli ya mama kwenda kupima sikuituma, kwa kuwa haikuombwa.

Mama alimaliza vikao vyote, akarudi Kilosa kwa treni ya SGR akiwa amekaa dirishani. Yuko kwenye kliniki ya kila miezi mitatu. Baada ya hapo nilimwomba baba mdogo aibandike upya orodha ya michango, nikamwandikia mstari wa kwanza mimi mwenyewe: Dada, siku 63. Grupu likanyamaza hadi jioni. Kaka ndiye aliyejibu wa kwanza, akauliza kodi ya fremu ni kiasi gani kwa mwezi na inadaiwa tangu lini. Sasa kuna utaratibu. Muuguzaji analipwa kama anavyolipwa bajaji na dawa, yaani kabla ya mengine. Majibu ya daktari yanapigwa picha na kuwekwa kwenye grupu yalivyo, bila kupambwa. Pakitokea ubishi kuhusu matibabu, neno la mwisho ni la mama, na akishindwa kusema, ni la dada. Kaka alichukua wiki tatu kulikubali hilo la mwisho.

Tiketi yangu ni ya tarehe 4 Oktoba na kliniki ya mama ni tarehe 9. Dada amesema siku nitakayofika atanikabidhi faili, kadi ya hospitali na ile simu ndogo ya mama, kisha ataondoka kwenda Morogoro kwa mumewe na cherehani yake kwa wiki mbili, na kwamba nisimpigie.